Kengele Iliyokunywa Matope

Garissa, Jumapili, 11 Agosti 1996. Asubuhi upepo mkavu, vumbi mpaka ndani ya birika, wingu hata moja hakuna.

Baba Ubah,

Sianzi kwa neno mpendwa. Salamu zangu nimeshampa ndugu yako, adeer wa Ubah, aliyetufikia juzi na kifurushi chako. Barua hii nitampa yeye ailete, lakini bila bahasha. Kabla ya kuondoka ataisoma kwa sauti mbele ya wazee wale wale uliozungumza nao siku ile. Ulinisema mbele ya watu, sioni kwa nini nikujibu pembeni.

Ujumbe wako nimeuelewa. Shule zimefungwa, na unataka Ubah aje kwako huko delta likizo hii, atembee tena nawe kwenye hifadhi. Unasema umeweka mbao mpya juu ya matope, na kwamba siku hizi familia zinakuja na watoto wadogo kabisa. Na ndani ya kifurushi kuna kengele ya shaba, ndogo, imeng'arishwa, ina kamba ya kufungia kiunoni. Ndugu yako alisema maneno yako huku akitazama chai yake: "Mwambie hii haiingii matope."

Nilimwomba ayarudie. Akayarudia. Nikaondoka nikaenda kuwapa mbuzi maji, maana kama ningebaki pale ningemwambia yeye yanayokuhusu wewe.

Usiwaambie watu kwamba sina kumbukumbu nyingine ila ile moja. Ninazo, na ndizo zinazonikasirisha zaidi. Nakumbuka tulivyohamia kule ulipopewa kazi ya uafisa wa hifadhi, mimi mtoto wa Garissa nisiyewahi kuona mti unaoota ndani ya maji ya chumvi. Uliniambia hiyo ni mikoko, ukanionyesha jinsi bahari inavyoingia kati ya mizizi yake na kutoka, na mimi nikashangaa maji yanayokuja bila mvua. Nakumbuka ulivyoanzisha matembezi ya Jumamosi, ya familia, bila bunduki wala gari. Watoto walivua viatu, wakafuata alama za miguu ya korongo kwenye tope, wakabishana ni ndege mkubwa kiasi gani. Mwishoni tulikaa pale mchanga unapoanza, nikamimina chai ya maziwa niliyobeba, na wewe ukawaonyesha ndege mwari wakiruka kwa mstari. Ulikuwa hodari wa kazi hiyo. Siliondoi hilo.

Na unamkumbuka Ubah alipokuwa na miaka mitano, alipomwona kwa mara ya kwanza yule kaa mdogo mwenye gando moja kubwa? Yule anayelipandisha na kulishusha mbele ya shimo lake. Ubah alisimama akamjibu, "Waaleikum salaam." Tangu siku hiyo hakupita kaa bila kumwitikia salamu, na walikuwa maelfu. Matembezi ya saa moja yakawa ya saa mbili. Ulicheka siku za kwanza, kisha ukaacha kucheka.

Hapo ndipo nilipoanza kutembea nyuma. Sikubuni mimi. Wewe ulilelewa nyuma ya ngamia kule upande wa Liboi, unajua anayechunga hatembei mbele. Anakaa nyuma ili kila mnyama awe machoni pake, na aliyechoka asiachwe. Mama yako ndiye aliyenieleza hivyo nilipoolewa, na alikuwa akizungumzia watoto. Nami nikakaa nyuma, Ubah mbele yangu, na wewe na wageni wako mbele yetu. Ukaona aibu. Mbele ya wageni kutoka Nairobi ukaniuliza, "Mama Ubah, unachunga mbuzi hapa?" Wakacheka. Nikakwambia ndiyo, na beberu ndiye anayeongoza. Walicheka zaidi, lakini wewe hukucheka.

Jumamosi iliyofuata ukaja na koor, ile kengele ya mbao ya ngamia wa baba yako iliyokuwa imetundikwa ukutani kwetu. Ukaifunga kiunoni mwa Ubah. Wageni walipiga picha, na mtoto mwenyewe alifurahi, akawa anaruka ili ilie. Ukaniambia, "Leo njoo mbele ukae na wageni, wanataka kuongea nawe. Kengele ipo. Nitamsikia."

Wazee wasikie vizuri hapo. Mimi nilikwenda mbele kwa sababu wewe uliniita mbele.

Kengele ililia nyuma yetu tulipopita mikoko ya kwanza. Ililia tena kwenye daraja la mbao. Halafu ikanyamaza. Niligeuka kukutazama, nawe ulikuwa unawaeleza wageni habari za samaki wanaozaliwa kati ya mizizi. Nikakwambia kengele imenyamaza. Ukasema, bila kugeuka, "Amesimama na kaa wake."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka hii yote, na najua lilikotoka. Kule kwenu kengele ya ngamia ikinyamaza hakuna shaka, ngamia amelala, anacheua, ameshiba. Mchungaji anaweza kunywa chai yake kwa raha. Ukachukua ukimya wa nchi kavu ukauleta kwenye matope ambako bahari ilikuwa inapanda.

Mimi nilirudi mbio. Ubao mmoja ulikuwa umevunjika, na pembeni yake Ubah alikuwa ndani ya tope mpaka kifuani, maji yameshaanza kuzunguka mabega yake. Hakuwa analia. Alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, kama mtu anayelinda nguo zake zisilowe. Nililala kifudifudi juu ya mbao, nikamrushia mtandio wangu, nikamwambia ajizungushie chini ya makwapa. Nilimvuta mpaka nikasikia bega langu linaachia. Alipotoka aliniambia jambo moja tu, kwa sauti ndogo, kama anayemshtaki mwenzake: "Hooyo, kengele imekunywa matope."

Kisha ukaja wewe, suruali yako safi. Neno lako la kwanza mbele ya wageni lilikuwa, "Mbona hukumwangalia?"

Ningeweza kusamehe neno hilo. Mtu aliyeshtuka husema lolote. Lakini mwezi uliofuata, hapa Garissa, nyumbani kwa adeer yake, ukalisema tena umetulia, umekunywa chai. Wanaume walikaa upande mmoja wa pazia, sisi upande mwingine. Nilikusikia ukiwaambia kwamba mtoto aliivua kengele mwenyewe, na kwamba anayekaa nyuma siku zote ni mke wako, kila mtu anajua. Ulichukua ile desturi uliyonicheka nayo ukanifungia shingoni. Mzee mmoja akauliza kama mama wa mtoto ana la kusema. Ukajibu kwa niaba yangu kwamba nina huzuni, niachwe nipumzike. Nami nilikuwa pale pale nyuma ya kitambaa, bega limefungwa, macho makavu kabisa.

Talaka ilipokuja nilishukuru. Naandika hivyo bila aibu.

Sasa unatuma kengele ya shaba. Umekaa na tatizo hili miaka mitatu, wewe uliyesoma mpaka chuo, na jibu ulilopata ni kengele bora. Umebadilisha mbao, umebadilisha kengele. Shingo yako hujaibadilisha, na ndiyo iliyokataa kugeuka. Kama unataka kujua kengele yako iko wapi, iko kwa mbuzi mweusi. Inamfaa, naye hatembei matopeni.

Nilikusudia kumwambia ndugu yako hapana, na barua hii iwe imeishia hapo. Jana jioni nilimwita Ubah nikamweleza ombi lako, kwa sababu ana miaka minane na sitaki aje aniulize siku moja kwa nini nilimficha baba yake. Nilidhani ataogopa. Aliuliza kama wale kaa bado wapo. Nikamwambia wapo. Akachorachora mchanga kwa kidole, kisha akasema, "Nitaenda kwa aabo. Lakini hooyo awe nyuma."

Hakuna aliyemfundisha.

Basi sikiliza, na wazee wasikie. Utawaambia kwanza, hao hao, nani alikuwa mbele na nani alimwita mbele. Si lazima uje. Andika, utie sahihi, ndugu yako awasomee kama anavyowasomea haya. Mpaka karatasi hiyo ifike, Ubah hatoki Garissa, na mahakama ya kadhi naijua njia yake kwa miguu.

Ikifika, tutakuja mimi na yeye. Nitalala kwa yule mwalimu wa kike tuliyekuwa jirani naye, kwako siingii. Jumamosi asubuhi utawakusanya wageni wako na watoto wao kama kawaida. Tembea mbele, eleza habari za samaki. Ubah atakuwa katikati, bila kengele, bila kamba, akiwaitikia kaa salamu hata kama itachukua mchana kutwa. Mimi nitakuwa nyuma. Na kila baada ya hatua chache utageuza shingo, mbele ya watu wote, uhakikishe mtoto yupo. Kila utakapogeuka utaniona mimi.

Sikuagi kwa heri. Bado tuna safari ya kutembea pamoja, mara moja tu.

Ni mimi,
Mama Ubah

Upepo umetulia. Ni saa sita usiku kasoro dakika kumi, nazima taa nilale.