Fundo Nililokufunga Kibaha

Kaka yangu Salehe,

Shikamoo. Naanza kwa salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, ingawa tangu tukuzike moyo wangu hauko sawa nawe.

Nakumbuka asubuhi ile tuliposhuka kutoka Kisarawe, chuo kizima cha ualimu, kwenda Kibaha kupambana na wenzetu wa chuo cha kule. Njiani ulinigawia muhogo wako wa kuchoma, ukabaki na upande ulioungua. Mambo madogo kama hayo ndiyo yanayonisumbua sasa.

Kanuni ya mieleka ile uliijua: mgongo ukigusa mchanga umeshindwa, na kibwebwe kikifunguka kiunoni umeshindwa vilevile. Hukutaka mtu mwingine akufunge. "Mdogo wangu huyu mkono wake ni chuma," uliwaambia. Nikavuta fundo mpaka ukaguna.

Timu zilikuwa sare ulipoingia wewe, wa mwisho, kupambana na Hamisi wa Ruvu, baba yake akitazama pamoja na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Wenyeji wakatuzomea, "Wala mafenesi hao! Warudisheni mlimani!" Mkashikana, mkazunguka, na mara kibwebwe kikaanguka miguuni pako.

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyenisemesha. Bwenini wakanipa jina, Mkono wa Uji. Nikiingia kwenye chakula walishika viuno vyao. "Jamani, jifungeni upya, huyo anakuja!" Wewe uliinamia sahani yako. Mwaka sikuumaliza, niliacha chuo, nikarudi nyumbani kulima. Wewe ukawa mwalimu, ukamwoa Zuhura, dada yake Hamisi. Nilicheza sana harusini kwako.

Siku ya maziko, Kasanda, mtani wetu wa Kinyamwezi, yule aliyekuwa mshenga wako, alilala mbele ya jeneza kama ilivyo haki ya watani, akatuzuia mpaka tumpe kuku. Halafu akajifunga kanga kiunoni, akaanza kukuigiza.

"Mtazameni mwongo huyu! Alikifungua kibwebwe mwenyewe kwa kidole gumba, mbele ya Bwana Shauri! Hamisi alimwambia, ukiniangusha mbele ya baba yangu, dada humpati!"

Watu wakacheka, maana mtani hanuniwi. Hata mimi nilicheka. Kisha nikamtazama Hamisi. Hakuwa akicheka.

"Anasema kweli?" nilimuuliza.

"Tulikuwa vijana, shemeji."

Kaka, ungeniambia. Si lazima pale uwanjani. Hata miaka ile ya baadaye, tulipokuwa wawili tu shambani tukifukuza ngedere. Ningenuna, ningekutukana, mwisho ningecheka, kwani Zuhura ni mwanamke wa kuangukiwa. Lakini ulikuja kwangu kila Idi, ukala wali wangu, ukasikia nikiitwa Mkono wa Uji mbele ya wanangu, ukaomba mchuzi zaidi. Chuo ningekisamehe. Ule mchuzi ndio unaonikaba.

Juzi Zuhura alikuja, maana arobaini yako imekaribia. Alikaa mkekani muda mrefu bila kuvua mtandio.

"Shemeji, umeshamwia radhi ndugu yako?"

"Namwombea kila sala."

"Sikukuuliza hilo."

Nikamwangalia mkeo amekonda, nikatamani kusema ndiyo ili alale usingizi. Badala yake nikamuuliza kama mchele wa arobaini unatosha. Akaaga, nikamsindikiza mpaka njia kuu.

Mungu akupe nafasi pana huko, kaka. Hilo naliomba kwa moyo mmoja. Radhi yangu sijaipata bado. Siku nikiipata, nitakuja kaburini kukuambia mwenyewe, situmi mshenga.

Mdogo wako, wa tumbo moja.