Fundi Atakuja Jumatatu Kuifuta Harusi ya Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumatatu saa tatu asubuhi, kwa sababu jana Jumanne fundi wa kompyuta alitamka mbele ya mama mkwe wangu, mume wangu na bibi harusi kwamba programu yangu ya kuhariri video haiponi, kila ikitaka kufunguka inazima, na dawa yake ni moja tu, kufuta kila kilichomo kwenye mashine na kuanza upya, na mama mkwe akajibu kabla fundi hajafunga mdomo, "Futa, baba, futa yote, tupumzike," na mimi nikanyamaza, na hapo ndipo kosa langu lilipo, maana programu haiumwi, ilipona wiki tano zilizopita, niliiponya kwa mkono wangu, na anayeiangusha kila siku ni mimi.

Nieleze toka mwanzo. Kazi yangu ni kuhariri video za sherehe, ofisi yangu ni kona ya sebuleni nyuma ya kochi, na wiki saba zilizopita shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alioa, nikapiga video mimi, na kwenye harusi hiyo mama mkwe alitoa hotuba ya dakika thelathini na nane, na katika hotuba hiyo, kwa madai ya bibi harusi, alimwita kwa jina la yule mchumba wa zamani wa shemeji, tena mara tatu, "mara tatu, dada, nilihesabu kwa vidole chini ya shela," na mama mkwe kwa upande wake anaapa hakulitaja hata mara moja, "video itanisafisha, mwanangu, wewe fungua tu mashine," na bibi harusi amesema hatakanyaga nyumbani kwa mama mkwe mpaka aione hiyo video, na mpaka leo hajakanyaga, na mume wangu akiulizwa anasema yeye wakati wa hotuba alikuwa nje anapanga magari.

Sasa siku nilipokaa kuanza kazi, programu ikagoma kweli, naapa siku hiyo haikuwa hila, ilikuwa inafunguka, inaandika pale chini inasoma mipangilio, inasoma plagini, inasoma fonti, halafu dirisha linapotea kama mtu aliyeitwa kuosha vyombo, nikazima mashine nikawasha, nikarudisha mipangilio ya kiwandani, nikatoa plagini zote, yaani vile viprogramu vya nyongeza, nikaweka draiva mpya ya kadi ya picha, nikajaribu kuingia kwa akaunti nyingine, wapi, mpaka nikakumbuka kwamba nilikuwa nimepakia fonti mia nne na kumi na mbili za mapambo nilizopewa na mpiga picha mwenzangu ili niandike majina ya maharusi kwa herufi za kujikunja, nikazitoa zote, programu ikafunguka kama mlango wa duka, nikazirudisha nusu, nikajaribu, nusu ya nusu, nikajaribu, raundi ya tisa nikamkamata mchawi, fonti moja tu, faili bovu, herufi zake zimejikunja kama mzabibu.

Nikaitoa, nikaitazama hotuba, na jina lipo, mshauri, kwenye dakika ya ishirini na mbili, limetajwa mara moja, halafu mama mkwe akanywa maji, akaendelea.

Nikiwa bado nimeshika kichwa nikasikia geti linalia, ni mama mkwe, kaja kumwona mgonjwa, ndivyo anavyoiita kompyuta, na mkono wangu wenyewe ukabofya ile fonti mara mbili, ikarudi mahali pake, nikafungua programu mbele yake, ikaanguka, mama akasema "pole mwanangu," na toka siku hiyo ndio maisha yangu, fonti naificha kwenye folda niliyoipa jina Mitihani ya Darasa la Tano, geti likilia naiweka, mgeni akiondoka naitoa, nafanya kazi za wateja wengine, na nikiri tu, nimenogewa, mama mkwe ambaye zamani alikuwa akinisalimia kwa nyusi sasa anakuja na maziwa, bibi harusi anakuja Alhamisi kunioshea vyombo na kuniuliza hali ya mashine kwa sauti ya hospitalini, kila mmoja anaamini niko upande wake.

Ila sasa bibi harusi ameleta fundi, kafungua programu mara nne mbele ya watu, ikaanguka mara nne, na kadi za kamera nilishazifuta nikazitumia tena kwenye mahafali ya chuo cha ushonaji, kwa hiyo harusi nzima iko ndani ya mashine hii peke yake, na diski yangu ya akiba nilimwazima wifi ambaye ameijaza tamthilia, nikisema ukweli nitakuwa nimewachezea watu wiki tano, nikinyamaza Jumatatu harusi inafutwa, naye mama mkwe atabaki msafi na bibi harusi atabaki mwongo wa ukoo, nifanye nini?

Mimi,
Mhariri wa Nyuma ya Kochi

JIBU

Mhariri, barua yako imenifikia Jumatano mchana. Gazeti linatoka Ijumaa. Hesabu ya siku haikupendelei, kwa hiyo pole nitakupa moja tu: kusimama kati ya mama mkwe na bibi harusi si kazi ndogo, na mumeo aliyejificha kwenye magari anastahili kuitwa ndani. Pole imeisha.

Umeniambia jambo moja kubwa ukalipita mbio. Bibi harusi anasema mara tatu. Mama mkwe anasema hakuna. Video inasema mara moja. Maana yake hakuna aliyesema kweli, na hakuna aliyetunga uongo mzima. Wiki tano umelinda siri ambayo ukiifungua haimpi ushindi mtu yeyote. Ungeifungua siku ile ile, wangegombana jioni moja, wakachoka.

Na kuna jingine. Mama mkwe wako alisema "futa" kabla fundi hajamaliza. Mtu anayengoja video imsafishe angeuliza kwanza, "Na harusi ya mwanangu?" Yeye hakuuliza. Tena alikunywa maji. Nimekaa mbele ya wasemaji wengi na daftari mkononi, na mtu anayekunywa maji baada ya kutaja jina lisilo mahali pake huwa amejisikia. Sisemi anajua. Nasema alikunywa maji, na nasema alisema "futa." Yaweke hayo mawili karibu karibu.

Wewe sasa. Usijiite mlinzi wa amani. Amani gani ambayo bibi harusi haingii nyumbani kwa mama wa mumewe? Ulinogewa na maziwa na vyombo vilivyooshwa, umekiri mwenyewe, na kukiri huko ndiko kunakonifanya nijibu badala ya kuitupa barua. Ila usinichekeshe na "mkono wangu wenyewe." Mkono haujui folda ya Darasa la Tano.

Leo hii, kabla hujaweka gazeti chini, nenda kwa wifi yako ukachukue diski. Usimwombe radhi kwa tamthilia, mpe nafasi azihamishe kwenye simu yake au azimalize kwa kukesha. Nakili rekodi zote za harusi kama zilivyotoka kwenye kamera, pamoja na faili la kazi. Ukimaliza usiamini maandishi ya "imekamilika." Fungua video tatu kwenye hiyo diski, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, uzitazame zikicheza. Kisha itoe fonti na uifute, na folda yake. Mhariri mwenye fonti mia nne na kumi na mbili kwenye mashine anatafuta balaa kwa tochi. Bakiza ishirini unazotumia. Washa mashine, fungua programu mara tatu mfululizo. Ikikubali mara tatu, imepona.

Halafu mpigie fundi. Usimwambie "imejirekebisha," atacheka, na atakuwa na haki. Mwambie: "Kaka, ilikuwa fonti, nilijua, nilikuficha, samahani." Atakasirika. Mwache. Kisha umuulize kwa adabu kwa nini programu iliyoanguka mara nne kwenye neno lile lile, "fonti," haikumfanya alisome hilo neno, akakimbilia kufuta. Kuna mashine za watu wengine huko anakoelekea.

Kuhusu hotuba, usikate chochote kwa siri. Rekodi ya asili haiguswi, hata mama mkwe akileta ng'ombe mwenyewe badala ya maziwa. Mwite mama mkwe kwanza, peke yake, umvalishe vifaa vya masikioni, umwonyeshe dakika ya ishirini na mbili. Usitoe hotuba yako juu ya hotuba yake. Bonyeza, kaa kimya, mwache aseme yeye. Kosa la ulimi mbele ya umati ni kitu cha kawaida. Analiogopa kwa sababu amelikana mbele ya watu kwa wiki saba. Siku ya pili mwite bibi harusi, na mama mkwe awepo. Bibi harusi ataona ni mara moja, na yeye pia itambidi ameze zile mbili za ziada. Hapo ndipo wawili hao, si wewe, watakapoamua kama sekunde hizo zibaki kwenye video ya familia au zitoke.

Halafu waambie wote wawili kuhusu fonti. Ndiyo, wote. Umeniandikia mimi na hili ni gazeti. Siri yako leo ina watu wengi kuliko waliokuja harusini, na ni bora wakusikie wewe kabla ya jirani. Wakikununia, nuniwa. Vyombo vya Alhamisi utaosha mwenyewe.

Ratiba yako ni hii: diski leo Ijumaa, bibi harusi Jumapili saa kumi jioni, na Jumatatu saa tatu geti likilia, mfungulie fundi ukamwonyeshe programu inavyofunguka.

Jumamosi nimeiacha makusudi. Mama, najua safu hii mnaisoma nyinyi wenye wakwe kuliko watu wengine wote. Mkwe wako anakungoja kesho saa nne asubuhi. Nenda peke yako, na uchukue miwani.