Sanamu ya Babu yake Prescott

Shosti, uko wapi?

Prescott kazindua sanamu ya babu yake leo, mji mzima wa Aiken uko pale. Kitambaa kikavutwa, makofi, halafu watu wakaanza kunong'onezana.

Babu yuko juu ya farasi, na fimbo ya polo kaishika mkono wa kushoto.

Wa kushoto, Maribeth. Kwenye polo, ambako kushoto ni marufuku kwa sababu farasi wakiukimbilia mpira watavaana.

Mchongaji alipewa picha iliyochapwa kinyume, kulia kukawa kushoto. Niliiona mapema, wiki ile ile Prescott alipoing'oa picha ya mama yangu kwenye ukuta wa mashujaa wa klabu ya polo, eti wanawake waliocheza walikuwa wanajifurahisha tu. Bado nikamfuata: "Ile picha ya babu yako..." Akanikata: "Wewe kazi yako maua. Polo tuachie wenyewe."

Nikawaachia wenyewe.

Bi Eudora, mkongwe wa klabu, kauliza kwa ile sauti yake, "Prescott mwanangu, babu yako alikuwa anacheza wapi? Maana hapa tungemfukuza." Watu hoi kwa kicheko.

Prescott kanigeukia, uso mwekundu. "Ulijua?"

"Mimi ni wa maua."

Ile ni shaba, shosti. Wajukuu zake watamkuta vile vile.

Mama yangu yuko kwenye ukuta wa sebule yangu, fimbo mkono wa kulia.