Ngazi Haikuibwa

Fuengirola, Hispania
Jumamosi, 2 Februari 2019

Mpendwa kaka Esko,

Pokea salamu nyingi kutoka huku pwani, zangu na za shemeji yako Tuula. Vipi goti? Vipi kifua? Na yule paka wako mwenye sikio moja, bado analala juu ya redio? Sisi tu wazima. Tuula hasa amenawiri: tangu Novemba amegusa dawa ya pumu mara mbili tu. Anaimba kwaya kwenye kanisa la Wafini, na kila asubuhi anatembea kando ya bahari mpaka ngomeni na kurudi, mimi nahema nyuma yake.

Najua utashangaa kuona barua wakati tumezungumza juzi tu. Lakini kaka, mimi na wewe tukishika simu tunasomeana vipimo vya baridi kama watangazaji wa redio, kisha tunaagana. Nina jambo la kuungama, na kwenye simu lingenikwama kooni. Jirani yetu wa ghorofa ya chini anarudi nyumbani kesho, na amekubali kuitia posta akifika Kajaani.

Kwanza nikwambie ukweli: sina raha huku. Wastaafu wenzangu wametulia. Wanacheza karata, wanacheza dansi mchana kweupe, wanakunywa kahawa waliyokuja nayo kwenye masanduku. Mimi nakaa kama niliyekalia miiba. Mtu aliyeendesha greda la theluji kwenye barabara ya Kuhmo miaka thelathini na minane, ukimweka chini ya michungwa mwezi wa Januari, afanye nini? Mpaka leo naamka saa kumi alfajiri na kuchungulia dirishani kuona kama theluji imeanguka.

Na baridi ya ndani, wee! Nje wenyeji wamejifunika makoti mazito, sisi Wafini tunapita na kaptula, wanatuonea huruma. Tukiingia nyumbani ndipo tunapotetemeka, maana sakafu ni vigae na hakuna jiko la kuni. Hapa ninapoandika nimevaa soksi mbili mbili za sufu.

Wiki iliyopita upepo ulimwaga mchanga kwenye njia yote ya pwani. Manispaa ikaleta trekta, na dereva wake, jamaa mmoja mwenye masharubu, akawa anausukuma mchanga mbele moja kwa moja, unamrudia. Nikashindwa kuvumilia. Nikamfuata nikimwonyesha kwa mikono: kigeuze hicho kisu cha kusukumia, kilaze pembeni! Lugha yake siijui, yangu haijui. Akasimama, akafungua mlango, akasogea kitini. Esko, niliendesha mita mia tatu. Mchanga ulilala pembeni vizuri mpaka wazee wa kwenye mabenchi wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani nimejaa furaha, na nusu saa baadaye nilikuwa nimejifungia chooni nalia, mzee mzima wa miaka sabini na mitatu. Hilo usimwambie mtu.

Sasa lenyewe. Jirani yako Hilkka alimpigia Tuula simu tarehe ishirini mwezi uliopita, kwa hiyo tunajua yote. Tunajua ulipanda kwenye paa la nyumba ya baba kuondoa theluji isilivunje, nyumba ninayoifunga kila Novemba na kukuachia wewe mzigo wake. Tunajua theluji iliporomoka na wewe ikakuzika mpaka kwapani, na ulikaa pale uani dakika hamsini, mpaka Hilkka alipotazama kutoka jikoni kwake akaona kofia yako haisogei. Jioni ile ile ukanipigia ukaniambia, "Ishirini na mbili chini ya sifuri. Hakuna jipya."

Hakuna jipya! Mficha maradhi, kifo humuumbua, kaka. Una miaka sabini na tisa. Nilipopata habari nilikasirika nikabamiza kikombe ukutani, na Tuula akanisimamia mpaka nikaokota kila kipande.

Ndiyo maana nakuungamia kuhusu ile ngazi yako iliyopotea. Haikuibwa. Mimi ndiye niliyemwomba Hilkka aiondoe siku ulipokwenda dukani. Aliifunga kwenye kile kigari chake cha kuteleza kwenye theluji akaivuta mpaka kwake, na sasa hivi imelala nyuma ya kuni zake, imefunikwa turubai. Uliponiambia kwamba wizi umeingia kijijini, na kwamba unamshuku fundi wa umeme aliyekuja kukagua mita, nilinyamaza kama mwoga. Tafadhali usiende polisi. Na kama umeshamtazama yule fundi kwa lile jicho lako, mwombe radhi, kwa sababu mimi nalijua jicho hilo.

Jambo jingine: nilinunua tiketi ya ndege bila kumwambia Tuula. Aliikuta kwenye mfuko wa shati alipokuwa anafua. Nikajiandaa kwa vita. Nilimwambia paa halitajiondolea theluji lenyewe, kwamba wewe utapata ngazi nyingine tu, kwamba siwezi kula machungwa huku ndugu yangu anajiua kwa ajili yangu. Akajifuta mikono, akakaa.

"Reijo, kazi ya paa ina watu wa kulipwa," akasema. "Wewe nenda, lakini usimdanganye Esko kwamba umefuata paa."

Nikamuuliza, sasa nimwambie nini?

"Mwambie umemkumbuka. Mkijumlishwa mna miaka mia moja hamsini na miwili, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake."

Siku mbili sikulala vizuri.

Basi nakuja. Nitafika Ijumaa tarehe nane kwa basi la mchana, nitakaa siku kumi. Tuula anabaki. Hewa ya huko ingemrudisha hospitali, na hilo sitamfanyia hata kama mimi mwenyewe huku nakosa pumzi kwa uvivu. Ameniapisha nisitie mguu juu ya paa, kwa sababu ya ule waya walionitia kwenye mshipa wa moyo. Jumamosi mkwe wa Hilkka anakuja na wenzake wawili na kamba zao. Sisi tutasimama chini, mikono mfukoni, tukiwakosoa. Kabla ya hapo usiguse kitu. Paa likivunjika, livunjike. Baba aliijenga ile nyumba baada ya vita kwa mbao za kuokota ili tulale ndani yake, hakuijenga imuue mtoto wake.

Nisalimie Hilkka, na usimgombeze, alifanya nilichomwomba. Nisalimie binamu Kyllikki ukienda kumtazama kwenye nyumba ya wazee. Tuula anakubusu mashavu yote mawili na kukutumia machungwa, nitayabeba mimi. Mungu akulinde, na miguu yako yote miwili ibaki uani mpaka nifike.

Limebaki lile aliloniagiza Tuula. Naliandika hapa, maana nikikuona uso kwa uso sitaweza. Nimekukumbuka, Esko. Nimekukumbuka tangu siku ile ya Novemba uliponisindikiza kituoni, basi likaja, ukainama ukajifanya unafunga kamba ya kiatu mpaka tukaondoka. Ulikuwa umevaa buti za mpira. Ukishasoma, barua hii itie kwenye jiko la kuni iungue, na nikishuka kwenye basi usinitajie hata neno lake moja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,

Reijo