Mafuta Matakatifu kwa Maumivu ya Mgongo

Jumatatu, 3 Juni 2024

Tangu Kwaresima sijaandika neno. Niwiwe radhi, ingawa kurasa hazidai. Kukaa mezani kuliniuma. Machi nililima ngoro, mashimo yetu ya kilimo mlimani, pamoja na wanawake wenzangu, mgongo ukakaza. Wote walisema ni ngoro — mwanamke gani wa Mbinga hana mgongo wa ngoro? Niliamini. Nikachuliwa, nikameza vidonge.

Kisha nikapiga chafya sakristia, kanisani, ubavu ukavunjika. Chafya tu.

Daktari Tadei nilimfundisha darasa la nne. Alivuta kope langu la chini, akaona weupe. Akauliza kuhusu kiu, na mkojo wenye povu. Picha ikaonyesha matundu mifupani. "Mwalimu, ngoro haitoboi mifupa," alisema. Kesho naenda hospitali kubwa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimerudi. Walinichoma sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, wakavuta uboho. Leo Daktari Tadei amepokea majibu. Amempa Modest, mwanangu, ukumbini. Mimi nikiwa nimeketi kwenye benchi.

"Ni damu tu, Mama. Imepungua."

Modest hakunitazama.

Jumapili, 16 Juni

Binti yangu Gaudiosa amepanda kutoka Ngumbo, ziwani, na samaki wabichi, mbasa. Huyu huja Krismasi, mikono mitupu. Nimemwambia mchuzi wake umezidi chumvi. Hakubisha. Nimeogopa kuliko nilivyoiogopa sindano.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeamka nikakuta kitambaa cheupe mezani, na mshumaa. Padre Raimundi akaingia na stola shingoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Watoto wameomba upewe Mpako wa Wagonjwa."

"Milele, amina. Kwa mgongo, Padre?"

Akaitazama chupa ya mafuta. "Nilidhani wamekwambia."

Nimewaandaa wengi kwa sakramenti hiyo. Ni ya wenye ugonjwa mzito, haitolewi kwa misuli iliyokaza. Nilimwambia sitapakwa mpaka nijue napakwa kwa ajili ya nini. Ameondoka na chupa yake. Mshumaa umebaki.

Jumamosi, 22 Juni

Nimempigia Daktari Tadei mwenyewe. Alikohoa kwanza. Ni mieloma. Seli za plazima, ambazo kazi yake ni kuukinga mwili, zimegeuka saratani. Zimejaa kwenye uboho, zinakula mifupa, zinaizuia damu isitengenezwe. Zangu mwenyewe.

"Wanao waliniomba ninyamaze, Mwalimu. Usije ukavunjika moyo."

Moyo wangu nani aliupima?

Dawa zipo Dar es Salaam. Haziponyi, ila huweza kuongeza miaka. Modest amekwisha kuikataa rufaa. Alisema mama amechoka, aachwe apumzike nyumbani.

Nimewaita wote wawili. Walisimama mlangoni kama wanafunzi waliochelewa.

"Nani aliwaambia nimechoka?"

Gaudiosa alilia. Modest akasema polepole, "Baba alikwenda Dar akitembea, Mama. Tulimrudisha ndani ya sanduku."

Ni kweli. Lakini baba yao aliulizwa. Alikubali kwa kinywa chake, nikisikia.

Nimemwagiza Modest alishushe begi la safari lililo juu ya kabati. Liko sakafuni, wazi, tupu. Mshumaa uko mezani. Nikishaamua — mimi — nitaandika hapa kabla ya kuwaambia. Hadi hapo, asilifunge mtu begi hilo wala asiuwashe mshumaa.