Msiba wa Magoma

Chanika, Handeni
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba karatasi hii ikukute mzima, umekaa, na macho hayakusumbui. Miguu je, inaendeleaje na baridi hii? Mvua huko Magoma zimefika, au bado mnatazama juu? Hapa kwetu mahindi yamechomoza, na wajukuu zako hawajambo, wanakusalimu. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Simu yako, mama, unaiweka sauti kubwa mpaka majirani wanaitikia salamu, na haya si ya uwanja mzima. Nimempa Hilaria, yule anayekuja gulio la huko kununua maharage, akukabidhi mkononi. Vaa miwani usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Habari ya ajali unayo, kwamba mkweo Mhina alimgonga kijana wa bodaboda pale Segera na kwamba kijana hakufa. Hayo ni kweli. Anaitwa Fabiani. Mguu umevunjika vibaya, yuko kwao amefungwa vyuma, na anatakiwa arudi hospitali kupasuliwa tena. Uliposikia uliniambia tumshukuru Mungu kuna bima. Nikaitikia tu. Sikuweza kukwambia bima yenyewe ilikatwaje.

Unajua kila gari lazima likatiwe bima, angalau ile ndogo, ya kumlipa mtu mwingine ukimdhuru. Mimi nilidhani bei ni moja kwa wote, kama ya stempu. Siku tuliyokwenda kwa Castory, wakala wa bima pale Korogwe, ndipo nikajua kumbe sivyo. Alituuliza gari ni la aina gani na lina viti vingapi, lakini zaidi alitaka kujua linafanya kazi gani. Akatueleza kwamba gari la kupeleka watoto shule na mgonjwa hospitali linalipiwa kidogo. Likibeba abiria wa nauli bei inapanda, tena inapanda kwa kila kiti, kwa sababu linashinda barabarani na ndani yake mna roho za watu. Mhina akasema letu ni la nyumbani. Castory akamtazama kidogo, kisha akaandika. Sasa wewe unaijua ile Noah yetu, mama. Siku ya gulio imewahi kulala nyumbani lini?

Hata siku ya ajali ilikuwa imejaa. Alizunguka Segera makusudi, kuokota watu wanaoshuka kwenye mabasi ya Dar. Baada ya hapo kampuni ikamleta bwana mmoja kuchunguza. Ni mpole, anaongea kwa sauti ya chini, anamaliza chai yako yote na kushukuru. Heri angekuwa mkali, ningejua pa kumwogopea. Alimwuliza Mhina wale watu ndani ya gari walikuwa nani. Mhina akasema ni ndugu, walikuwa wanakwenda msibani Magoma, na fedha waliyotoa ni mchango wa mafuta kama ilivyo desturi yetu. Yule bwana akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, kana kwamba si jambo, gari la msiba linalotoka Handeni lilikuwa linatafuta nini Segera. Mhina akamjibu kwamba walikwenda kumpokea mfiwa mwingine anayetoka Dar.

Tangu siku hiyo humu ndani hakuna mwenye usingizi. Pikipiki ikisimama nje, Mhina anatokea mlango wa nyuma. Amewafuata abiria wake mmoja mmoja kuwapangia maneno, na mimi nikikutana nao sokoni nageuza uso. Halafu kuna Evodia, mke wa Fabiani. Anakuja kutoka Segera kila anapopata nauli, anakaa kwenye ngazi zetu na mtoto mgongoni. Hatukani wala hagombi. Anauliza tu bima imesema nini, nampa chai, anaondoka. Juzi aliniambia mguu wa mumewe umeanza kunuka. Sikuweza kula siku ile.

Nikaenda kwa Castory peke yangu, Mhina hajui. Nilimwuliza kwa kuzungukazunguka, yeye akanijibu waziwazi. Alivyonielewesha, Fabiani hawezi kuachwa hivi hivi, ila kampuni ikishamlipa inaweza kutugeukia sisi, kwa kuwa tulidanganya kazi ya gari. Hapo Noah itauzwa, na pengine lile shamba la mihogo pia. Lakini uongo wa msiba, alisema, huo si wa bima tena, huo ni wa polisi, na watu wanafungwa. Na kadiri uchunguzi unavyovutwa, ndivyo Fabiani anavyozidi kukaa bila kulipwa.

Mama, nimezunguka sana kwa sababu naogopa kufika. Msiba alioutaja Mhina ni wako.

Alihitaji marehemu wa Magoma, na jina lililomjia mdomoni ni la mama mkwe wake, Maryamu binti Zaidi. Yule bwana akanigeukia, akaniuliza kama ni kweli nimefiwa na mama. Mhina alikuwa ananitazama. Niliinamisha kichwa, na machozi yakanitoka kwa hofu, naye akayachukua kuwa ni ya uchungu. Akanipa pole. Akaingiza mkono mfukoni akanipa rambirambi, nami nikaipokea kwa mikono miwili. Tangu hapo simu yako ikiita siipokei upesi. Naogopa nitasikia sauti ya mtu mwingine.

Alhamisi hii yule bwana wa bima anakuja huko. Anasema anataka kuwapa pole wafiwa na kuliona kaburi. Mhina ameniambia nikuandikie uondoke uende Mombo kwa mama mdogo mpaka apite, yeye atatafuta mtu wa kumwonyesha kaburi lolote lenye udongo mpya. Anajua naandika. Anadhani hayo ndiyo ninayoandika.

Usiende, mama. Siku hiyo oga, vaa vizuri, kaa barazani. Akifika mkaribishe, mpe chai maana anaipenda, na akikuuliza jina mtajie lote, mpaka la babu. Mhina atajua ni mimi, na sijui atanifanya nini. Sijui tutabaki na nini wala tutakula wapi. Lakini kukuacha umekufa hivi siwezi.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na mama mdogo ukimpata kwenye simu mwambie tutamwona Idi, inshallah. Niombee dua, na unisamehe.

Humu ndani ya bahasha utakuta noti ya elfu kumi, nimeikunja kwenye karatasi. Ndiyo rambirambi yako. Mrudishie yule bwana kwa mkono wako mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Zamda