Macho Yangu Yalikuwa Kwenye Moshi

Masanze, Kilosa
Jumapili, baada ya adhuhuri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na mama naye shikamoo yake, umfikishie leo hii, maana najua barua zangu huwa unazisoma peke yako kwanza. Mgongo wake unaendeleaje na baridi ya huko Lushoto? Na kile kikohozi chako kimekwisha? Mimi mzima. Nimekonda kidogo kwa joto la huku, lakini nguo bado zinanikaa. Mahindi ya shamba la shule yamebeba vizuri, na wanafunzi hawajambo.

Barua yako imenifika. Nimeisoma mara tatu, na mara zote damu imenichemka. Sikukasirikii wewe, baba. Namkasirikia baba mdogo Shabani, aliyeiacha kazi yake ya reli pale Kilosa ili akuandikie kwamba binti yako siku hizi hana adabu, anawapita wazee kama anapita magogo. Nawe ukaniandikia: omba radhi upesi, la sivyo funga mizigo urudi nyumbani. Haya. Baba mdogo alikuwapo kwenye mashindano ya Mikumi, sikatai, lakini alikuwa upande wa pili wa uwanja akila muwa. Nisikilize na mimi niliyekuwa pale pale, kisha unihukumu.

Unajua kwamba tangu mwaka juzi nakitafuta cheti cha uamuzi wa riadha. Kwenye mashindano ya shule, saa na filimbi wanashika wanaume, sisi walimu wa kike tunapewa ndoo ya maji tuwanyweshe watoto. Nikachoka na ndoo. Nilipoomba kuingia kozi, mwalimu mwenzangu mmoja akaniuliza, "Dada, utapanda ngazi na gauni hilo?" Nikamjibu, "Mbona wewe unapanda na tumbo hilo?" Nikaingia kozi.

Kazi niliyoichagua ni ya kutunza muda. Tunasimama watu watatu kwenye mstari wa mwisho, juu ya madawati yaliyopangwa kama ngazi, kila mmoja na saa yake ya kubonyeza. Mwanzishaji yuko kule mbali, ameshika bastola. Tunabonyeza tunapouona moshi wa bastola. Mlio hatuungoji, kwa sababu mlio unachelewa kutufikia. Ukishasikia "tayari", macho ni kwenye bastola tu, hata nzi akikutua puani.

Mtihani wa kwanza wa vitendo nilifanyia Kilosa, nikaanguka. Unajua niliangushwa na nini? Na malezi yako! Mwanzishaji kainua mkono, mara mzee mmoja mwenye mkongojo akapita mbele yangu. Shingo yangu ikageuka yenyewe. "Shikamoo mzee." Paa! Nikabonyeza nimeshachelewa, muda ukatoka mfupi kuliko wa kweli. Kwa saa yangu, mtoto wa shule ya Zombo aliyekimbia peku alikuwa amempita kila mkimbiaji wa mkoa huu. Mkufunzi wetu, Ndugu Elia, aliitazama saa, akanitazama mimi. "Mwalimu, huyu mtoto kala nini?" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilipomweleza hakucheka. Aliniambia, "Mzee atakuwa mzee hata baada ya mbio. Moshi hautakungoja." Nililia siku ile, baba, sikukuandikia kwa aibu.

Basi mwezi uliopita tukaenda Mikumi kwenye mashindano ya wilaya. Tulikwenda kwa lori, mistari ya uwanja tukaichora kwa majivu ya jiko. Ndugu Elia akaniambia hiyo ndiyo nafasi yangu ya pili, na ya tatu hakuna. Zikafika mbio za mita mia za wasichana. Katika waliopanga mstari alikuwamo Tatu, mwanafunzi wangu mwenyewe wa darasa la saba. Mshindi angekwenda mkoani, ila kwa sharti awe amefikia muda uliowekwa.

Mwanzishaji akasema tayari. Wakati huo huo mgeni rasmi, mzee anayeheshimiwa wilaya nzima, kainuka kitini kwake kuja kututazama. Akasimama chini ya madawati yetu. Wenzangu wawili wakageuka kwa pamoja, "Shikamoo mzee!" Mimi nilimwona kwa pembe ya jicho, baba. Nilimwona vizuri. Mdomo ukataka kufunguka. Nikauma meno. Moshi ukatoka, nikabonyeza.

Tatu alishinda, alikuja mbele kabisa. Tukazisoma saa. Za wenzangu zililingana, na kwa saa zao Tatu anakwenda mkoani. Yangu peke yake ilisema amekosa kwa sehemu nne za kumi za sekunde. Na kanuni ni kwamba saa mbili zikilingana, ya tatu inawekwa kando.

Ningenyamaza, baba! Shule yangu ingeshangilia, mtoto angepanda gari kwenda Morogoro, mimi ningekuwa mwalimu mwema. Nikasema, "Saa zao zimelingana kwa sababu wote wamechelewa." Ndugu Elia akauliza swali moja, "Nani kauona moshi?" Mmoja akatazama viatu vyake. Mwingine akasema pole pole, "Mimi niliusikia mlio." Basi. Ikaandikwa saa yangu. Tatu akalia, na walimu wa shule yangu mwenyewe wakaninunia njia nzima ya kurudi.

Kabla ya kurudi nilimfuata mgeni rasmi, nikapiga goti mbele ya watu wote. "Shikamoo mzee." Hakuitikia. Akasema, "Sasa ndiyo umeniona?" Nikasema, "Nilikuona tangu mwanzo, mzee. Nilikuwa kazini." Akageuka. Cheti changu kilikuwa mkononi mwake, kimeshasainiwa, maana nimefaulu, baba, NIMEFAULU! Akakirudisha ndani ya bahasha. Sasa kamati ya mashindano inasema nitapewa nikiandika barua ya kuomba radhi.

Umeniandikia kwamba mkataa wengi ni mchawi. Basi mimi ni mchawi. Wawili walikuwa wengi siku ile, na wote wawili hawakuona kitu.

Sasa nikuulize wewe, kwa heshima zote. Wewe ni muadhini wa msikiti wetu mwaka wa ishirini na ngapi huu. Ukiwa katikati ya adhana, shehe mkubwa akapita, unakatiza "Hayya ala swala" umwamkie? Hukatizi. Unamaliza, unashuka, ndipo unampa mkono. Na haijasemwa huko hata siku moja kwamba muadhini hana adabu. Nimefundishwa na nani basi, kama si wewe, kwamba kazi ya watu haikatizwi katikati? Heshima si utumwa, baba. Mzee yule nilimheshimu, na mtoto aliyekuwa anakimbia nilimheshimu pia, kwa kumpa muda wake wa kweli.

Tatu mwenyewe alininunia siku mbili tu. Siku ya tatu alinifuata shambani na jembe begani. "Mwalimu, nilikosa kwa kiasi gani hasa?" Nikamwonyesha kwenye saa. Akasema, "Kumbe ni kadogo hivi? Nitakakamata." Tangu hapo tunafanya mazoezi kila alfajiri kwenye njia ya Kilangali, na mashindano mengine yako baada ya mavuno. Kwa hiyo kurudi nyumbani sirudi. Nitakuja likizo, kama mtoto anavyokuja kwa wazazi wake, na kama una fimbo utanichapa, lakini nikishachapwa nitapanda basi kurudi kwenye saa yangu.

Msalimie kaka mkubwa na mkewe, na shangazi aliyenifunda, mwambie goti bado najua kulipiga. Bibi mzaa mama mwambie naomba dua yake. Baba mdogo Shabani nitamsalimia mwenyewe, niko naye jirani, na nina maneno yake.

Radhi kwako naiomba, kama nimekukosea kwa ukali wa barua hii. Kwa kamati siombi. Mwalimu mkuu ameniita jana ofisini akanipa karatasi mbili safi, na unajua zilivyo adimu siku hizi, akasema, "Andika maneno mawili matatu ya radhi, mambo yaishe." Nikamshukuru, nikazipokea kwa mikono miwili. Ndizo hizi unazozisoma.

Ni mimi binti yako,
Mwanahawa
Mwamuzi wa riadha, daraja la tatu